Mwenye Mali na Mwenye Kazi: Maisha ya Dorothy Paget

Hotuba iliyotolewa Unguja mjini katika mkutano wa wadhamini na viongozi wa vilabu vya michezo. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Waheshimiwa viongozi wa vilabu, wazee wetu wenye vyombo, mama zetu, vijana mnaoshika usukani wa ngalawa na mnaopanda baskeli za mbio, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimealikwa kuzungumza juu ya udhamini wa michezo, na nimeona bora nifanye hivyo kwa kuyasimulia maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Dorothy Paget, mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1905 na kufariki tarehe 9 Februari 1960. Alimiliki farasi wa mbio, na kwa kipindi kifupi aligharimia timu ya magari ya mashindano. Nimemchagua kwa sababu karibu kila jambo ambalo mwenye mali anaweza kuufanyia mchezo, la kuujenga na la kuubomoa, limo ndani ya maisha yake. Farasi wake walishinda mbio 1,532. Je, ni wangapi kati yetu waliowahi kulisikia jina lake?

Asije mtu akasema kwamba farasi ni habari ya Wazungu isiyotuhusu. Pale Mtoni, watoto wa Seyyid Said walifundishwa kupanda tangu wakiwa wadogo sana, wavulana juu ya farasi na wasichana juu ya punda weupe wa Maskati. Na hata kama farasi wametoweka katika visiwa vyetu, mashindano yenyewe tunayo. Tuna resi za ngalawa, Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, na katika kila mchezo wa namna hiyo yupo mwenye kumiliki na yupo mwenye kufanya kazi. Mazungumzo yangu ya leo yatasimama juu ya watu wawili hao, mwenye mali na mwenye kazi, na juu ya yale yanayopita kati yao.

Mali ya Bi Dorothy ilitoka kwa mama. Mama yake, Pauline Whitney, alikuwa Mmarekani, binti wa William Whitney, aliyewahi kuwa Waziri wa Jeshi la Majini la Marekani, na katika ukoo wa bibi yake mzaa mama mlikuwa na utajiri wa mafuta ya Standard Oil. Baba yake, Almeric Paget, alikuwa Muingereza aliyekuja kupewa cheo cha Lord Queenborough. Mama alifariki mwaka 1916, na mtoto alikuwa na umri wa miaka 11. Fikirieni, mama zangu, mtoto wa miaka 11 aliyebakiwa na mali isiyohesabika na kukosa mtu wa kumwambia hapana. Alifukuzwa skuli moja baada ya nyengine, mpaka akapelekwa Ufaransa, kwenye skuli ya wasichana iliyoendeshwa mjini Paris na mwanamke wa kifalme wa Kirusi aliyekimbia mapinduzi ya nchi yake, Vera Meshchersky. Huko alitulia. Ninaomba mlikumbuke jina la mama huyo, kwani nitalirudia.

Sasa tuje kwenye magari.

Mwaka 1929 alikuwepo dereva maarufu wa Kiingereza, Sir Henry Birkin, ambaye watu walimwita Tim. Birkin aliamini kwamba magari ya Bentley yangeweza kuwashinda Wajerumani na Wataliano iwapo injini zake zingefungwa supachaja, yaani mashine ya kuisukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili mafuta yaungue zaidi na gari lipate nguvu zaidi. Mwenyewe W. O. Bentley, aliyeziunda injini hizo, alipinga. Aliona kwamba injini aliyoisanifu kwa uangalifu isitwishwe mzigo ambao haikuandaliwa kuubeba, na kwamba anayetaka nguvu zaidi aunde injini kubwa zaidi. Birkin hakukubali. Alifungua karakana yake mwenyewe katika mji wa Welwyn, na fedha zilipomwishia akamwendea Bi Dorothy, wakati huo akiwa kijana wa miaka 24 mwenye kupenda mwendo wa kasi. Bi Dorothy akasema ndiyo.

Zingatieni, ndugu zangu, jinsi "ndiyo" ya mwenye mali inavyoweza kulikata shauri ambalo fundi hakulikubali. Kanuni za mashindano ya Le Mans zilidai kwamba gari la namna ile liwe limetengenezwa kwa idadi ya 50 na kuuzwa kwa watu wa kawaida, na kampuni ya Bentley ikalazimika kuyatengeneza.

Mwaka 1930 timu ikafika Le Mans, mashindano ya saa 24, mchana na usiku bila kusimama. Mbele yao alikuwepo Mjerumani Rudolf Caracciola katika Mercedes. Birkin alimfukuza tangu mwanzo, na alipompita gurudumu lake moja lilikuwa limeshachunika mpira na magurudumu ya upande mmoja yanakanyaga majani pembezoni mwa njia. Watazamaji walishangilia kwa nguvu. Lakini magari yote mawili ya Bi Dorothy yaliyoanza mbio hizo yaliharibika kabla ya kumaliza. Mercedes nayo ikaharibika. Waliofika mwisho wakashika nafasi ya kwanza na ya pili ni timu ya kampuni ya Bentley yenyewe, kwa magari ya injini kubwa isiyokuwa na supachaja, vile vile alivyotaka W. O. Bentley.

Je, tuseme fedha ile ilipotea bure? Mimi sisemi hivyo. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, katika mashindano makubwa ya Ufaransa yaliyofanyika Pau, Birkin alivua taa na vifuniko vya magurudumu katika gari lile la watu wanne, zito kama lilivyo, akaingia nalo kati ya Bugatti ndogo nyepesi na akamaliza wa pili nyuma ya Philippe Étancelin. Na mwaka 1932, katika uwanja wa Brooklands, kwa gari jekundu la kiti kimoja ambalo Bi Dorothy aliendelea kulimiliki baada ya kuiacha timu, Birkin aliweka rekodi ya uwanja kwa mwendo wa kilomita 222 kwa saa. Magari yale hadi leo yanatafutwa na matajiri wa dunia nzima.

Ninachokisema ni chengine. Bi Dorothy aliuondoa mkono wake Oktoba 1930, baada ya msimu mmoja tu kamili. Mafundi walikuwa ndio kwanza wameanza kuyafahamu maradhi ya mashine zao. Birkin alibaki anahangaika kutafuta magari ya kuendesha, na mwaka 1933, baada ya mashindano ya Tripoli kule Libya, ambako mkono wake uliungua kwenye bomba la moshi, aliugua na kufariki akiwa na miaka 36. Simlaumu Bi Dorothy kwa kifo kile, kwani ajali ni kudra. Ninamlaumu kwa jambo dogo zaidi ambalo hata sisi tunalifanya kila mwaka: kuwaingiza watu katika kazi ndefu kwa fedha ya muda mfupi. Mangapi kati ya matanga tuliyoyaona ufukweni yameandikwa jina la mdhamini ambaye mwaka uliofuata hakuonekana? Nahodha kaacha kuvua ili afanye mazoezi, baharia wake wamekubali kumfuata, mlingoti mpya umeshachongwa, na mwenye fedha kishachoka.

Kwa upande wa farasi alikuwa na subira zaidi, ingawa subira yake ilikuwa kwa farasi na siyo kwa watu.

Mwaka 1931 alinunua farasi wawili kwa pamoja, kwa bei inayotajwa kuwa pauni 12,000. Mmoja aliitwa Insurance, ambaye alishinda taji la mbio za kuruka viunzi pale Cheltenham mwaka 1932 na 1933. Wa pili aliitwa Golden Miller. Farasi huyu alizaliwa Ireland mwaka 1927, na mkufunzi kijana, Basil Briscoe, alikuwa amemnunua pauni 500 bila kumwona. Aliposhushwa, Briscoe alivunjika moyo, kwani aliletewa kiumbe aliyelowa, manyoya yamemshikana kwa tope, hana dalili ya ushindi. Lakini Briscoe alimtunza. Na farasi huyo huyo, akivaa rangi za Bi Dorothy, alishinda Kombe la Dhahabu la Cheltenham mwaka 1932, akalishinda 1933, akalishinda 1934, akalishinda 1935, akalishinda 1936. Mara 5 mfululizo. Hakuna farasi mwengine aliyewahi kufanya hivyo.

Mwaka 1934 alifanya zaidi. Baada ya Kombe la Dhahabu alipelekwa Liverpool kwenye mbio za Grand National, zaidi ya kilomita 7 na vizuizi 30 vya kuruka, na hapo akashinda kwa dakika 9 na sekunde 20, mwendo ambao wakati ule ulikuwa rekodi. Hadi leo ni farasi pekee aliyeyachukua mataji hayo mawili ndani ya mwaka mmoja.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Mwaka 1935, katika Kombe la Dhahabu, Golden Miller alikutana na Thomond, farasi wa Jock Whitney, binamu yake Bi Dorothy. Walikwenda bega kwa bega, kwa mwendo wa kuunguza, na Golden Miller akashinda kwa chini ya urefu wa farasi mmoja. Wiki mbili baadaye akapelekwa tena Liverpool huku Uingereza nzima ikimtarajia. Kufika kizuizi cha 11, farasi akasita, na mpandaji wake, Gerry Wilson, akaanguka. Siku ya pili yake akaingizwa katika mbio nyengine uwanjani hapo hapo, na kwenye kizuizi cha mwanzo kabisa Wilson akaanguka tena.

Nani wa kulaumiwa? Mwenye farasi, mkufunzi na mpandaji wakaanza kunyoosheana vidole, na magazeti yakachochea. Huenda farasi alikuwa amechoka kwa vita vya Cheltenham. Huenda vizuizi vya Liverpool alikuwa keshavichukia, kwani mwaka 1936 na 1937 alipelekwa tena na akagoma tena. Jambo la kusikitisha ni kwamba farasi ndiye aliyekuwa akilisema tatizo waziwazi, na watu wakashughulika na wao kwa wao. Briscoe, aliyekuwa amechoka kwa simu za usiku wa manane na amri zinazobadilika, akamtaka Bi Dorothy awaondoe farasi wake wote, naye akawaondoa. Ushindi wa 1936 ulipatikana chini ya mkufunzi mwengine, Owen Anthony. Na hivyo ndivyo alivyoishi: akawahama wakufunzi, wakamhama wapandaji, mmoja baada ya mwengine, mpaka hesabu yao ikawa kubwa mno. Wahenga wetu walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini hapa manahodha walikuwa wazuri, na aliyekuwa akiwabadilisha ndiye aliyekitia chombo mrama.

Wazee wangu wenye vyombo, naomba niwaambie kwa heshima zote. Pale nahodha anapokwambia kwamba leo pepo haziruhusu foromali ile, mti wa kubebea tanga, au kwamba mrengu, mti wa pembeni wa ngalawa, umelegea na haufai kutiwa majini, usimjibu kwa kumkumbusha chombo ni cha nani. Hilo analijua. Anachokwambia ni jambo ambalo wewe hulijui.

Yako mengi yanayosimuliwa juu ya tabia za Bi Dorothy, na sitayapa nafasi kubwa, kwa sababu waandishi wengi wameyapa nafasi yote. Ni kweli kwamba aliishi usiku na kulala mchana katika nyumba yake ya Hermits Wood, kijiji cha Chalfont St Giles. Ni kweli kwamba alikula kupita kiasi na kuvuta sigara kupita kiasi, kwamba alivaa koti moja lile lile miaka nenda miaka rudi, na kwamba aliwaandikia watumishi wake vijikaratasi badala ya kusema nao. Mimi ninaposoma hayo naona mtu mpweke aliyekuwa na haya nyingi mbele za watu. Hakuolewa. Hakuwa na mtoto.

Lakini jambo moja siwezi kulipita kimya. Bi Dorothy alikuwa mcheza kamari mkubwa, na kamari katika dini yetu ni haramu. Sikuja hapa kuipamba. Alipoteza fedha nyingi mno kwa njia hiyo, fedha ambazo zingelisha vijiji. Hata hivyo, ndani ya jambo hilo ovu limo tukio ambalo kila mtu wa mbio wa Uingereza analijua. Kwa kuwa alilala mchana, wakati mbio zinakimbiwa, wapokea dau wake walimruhusu kuweka dau usiku, juu ya mbio ambazo zimeshamalizika na washindi wake wameshajulikana kwa kila mtu isipokuwa yeye. Walimwamini kwamba hakuulizia matokeo. Na hakuulizia, alipoteza mara nyingi akiwa na njia nyepesi kabisa ya kudanganya. Ni amana ya ajabu iliyoishi mahali pasipostahiki. Laiti uaminifu huo angewapa wakufunzi wake nao wakamrudishia!

Nilisema nitalirudia jina la Vera Meshchersky. Mwaka 1927, akiwa na miaka 22 tu, Bi Dorothy alitoa fedha ikanunuliwa nyumba kubwa yenye ardhi yake pale Sainte-Geneviève-des-Bois, kusini ya Paris, ikafanywa makaazi ya wazee wa Kirusi waliokuwa wakimbizi. Walikuwa watu waliopoteza nchi, mali na watoto. Mwalimu wake ndiye aliyeiendesha nyumba ile. Hapakuwa na kombe la kushindaniwa wala rangi zake za kuonekana uwanjani, na inajulikana kwamba aliwajali wazee wale hata katika chakula cha sikukuu zao. Makaburi yaliyo karibu na nyumba ile yamekuwa makaburi mashuhuri zaidi ya Warusi nje ya nchi yao. Mwandishi Ivan Bunin, mshindi wa Tuzo ya Nobel, amezikwa hapo. Kwa maoni yangu, hii ndiyo kazi bora kuliko zote alizowahi kuigharimia, na angalieni ilivyofanyika: alimpa fedha mtu anayemwamini, kwa kazi anayoijua mtu huyo, akamwachia aifanye.

Mfano mwengine wa kuachia ni huu. Mwaka 1936 alitoa gini 15,000 kwa farasi mdogo aliyeitwa Colonel Payne, na gini moja ni pauni moja na shilingi moja. Ilikuwa bei ya kutisha, na farasi hakufanya la maana. Bi Dorothy alinunua wengi wa namna hiyo. Lakini mwaka 1943, wakati wa vita, farasi aliyezaliwa na kulelewa kwake mwenyewe, Straight Deal, aliingia katika mbio za Derby, zilizohamishiwa Newmarket kwa sababu ya vita. Mkufunzi wake alikuwa Walter Nightingall. Straight Deal alishinda kwa urefu wa kichwa tu, na waliomfuata wa pili na wa tatu, Umiddad na Nasrullah, walikuwa farasi wa Aga Khan, kiongozi ambaye wafuasi wake wameishi hapa Zanzibar tangu karne ya 19. Mwanamke yule aliyenunua kwa maelfu akapata hasara, alipata taji kubwa kuliko yote ya mbio za uwanja tambarare kutoka zizi lake mwenyewe.

Alilifahamu somo hilo akiwa mtu mzima. Mwaka 1946 alinunua shamba la kuzalishia farasi la Ballymacoll, katika jimbo la Meath nchini Ireland, na humo akaweka majike wazuri na watu wanaoijua kazi. Aliendelea kushinda: Kombe la Dhahabu alilichukua tena mwaka 1952 kwa farasi Mont Tremblant, likawa la 7 kwake, kwani Roman Hackle alikuwa ameshamletea la 6 mwaka 1940. Alifariki kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 54. Shamba likanunuliwa na Sir Michael Sobell pamoja na majike yake, na kutokana na kizazi cha shamba hilo akapatikana Troy, aliyeshinda Derby mwaka 1979, miaka 19 baada ya Bi Dorothy kuzikwa.

Kwa kuwa tupo hapa wadhamini na viongozi pamoja, nina ombi moja ambalo ningependa kamati iliingize katika kumbukumbu za mkutano kabla hatujaondoka. Kila mdhamini atakayeandika jina lake juu ya tanga au juu ya jezi aandikiane na klabu kwa misimu isiyopungua mitatu, na karatasi hiyo itaje kwa jina nani mwenye kauli ya mwisho siku ya mashindano juu ya chombo kutoka au kutotoka, na iwe ni nahodha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na makubaliano ya mdomo pia. Nimeandaa nakala ya mkataba wa namna hiyo kwa Kiswahili chepesi, ipo kwa katibu hapo mlangoni, na wenye vilabu vya Pemba watatumiwa zao. Mwenye kuona kifungu kisichomfaa akiandike pembeni akirejeshe kabla ya kikao kijacho. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.